Mwendo Kwanza, Kimo Kitakuja: Maneno kwa Wanaoanza Kuruka Viunzi na Farasi

Hamjambo wazazi, hamjambo vijana. Wazee wangu mliokuwa mkitandika farasi kabla sijazaliwa, shikamooni. Makocha wenzangu na ndugu zangu masaisi mnaowatunza farasi, ahsanteni kwa kufika. Nawashukuru pia waandaaji kwa kunipa nafasi ya kusema nanyi hapa Nairobi kabla msimu haujaanza.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuanza mashindano ya kuruka viunzi na farasi. Swali mlilokuja nalo nalijua, maana ndilo ninaloulizwa na wazazi kila mwaka: mtoto wangu sasa anaruka sentimita ngapi, na mita moja ataifikia lini? Ni swali la haki. Mzazi anayelipia chakula cha farasi, fundi wa kwato na daktari ana haki ya kujua kama mtoto anasonga mbele. Ila kimo ni kipimo kibovu kwa anayeanza, na leo ningependa mtoke hapa na kipimo kingine.

Chukueni raundi ya kawaida. Njia ina urefu wa mita 400, viunzi ni 10, kasi iliyopangwa ni mita 350 kwa dakika. Muda unaoruhusiwa unakuja sekunde 69. Farasi mkubwa akienda shoti, yaani mbio, ya kutulia, hatua yake moja hufika mita tatu na nusu au zaidi kidogo. Pigeni hesabu. Ndani ya sekunde hizo 69 farasi anapiga hatua zaidi ya 100, na kati ya hizo ni 10 tu anazoruka. Nyingine zote yuko mchangani: anakata kona, anatoka kiunzi hiki kuelekea kile, anasikiliza mkono na mguu wa aliyempanda. Ufito, ile nguzo nyembamba iliyolazwa juu ya kiunzi, ukianguka, watazamaji wote macho yao huwa kwenye ufito. Kocha anakumbuka hatua tano zilizotangulia, na mara nyingi kosa limelala humo. Farasi alisukumwa akarefuka mno, au alivutwa mpaka nguvu zikamwishia, au alikata kona vibaya akafika kwenye kiunzi bado hajajipanga.

Kwa hiyo nikimwona kijana anaendesha farasi wake kona hadi kona kwa mdundo usiobadilika, mkono umetulia, hata kama fito zimelazwa ardhini, namwambia mzazi wake kwa moyo mweupe: mtoto wako anasonga mbele. Kwa farasi mzima mwenye afya, sentimita 80 si kazi ya kumtoa jasho. Mwili wake unaweza tangu zamani. Anachongoja ni mtu wa kumfikisha pale akiwa ametulia.

Kwa wazazi ambao ni mara yao ya kwanza, niwapitishe haraka kwenye sheria. Mpandaji anaingia uwanjani, anawasalimu waamuzi, anangoja kengele. Ikishalia ana sekunde 45 za kuvuka mstari wa kuanzia. Akivuka na kuruka kiunzi cha kwanza kabla ya kengele ameondolewa. Kila kiunzi kina bendera mbili, nyekundu mkono wa kulia na nyeupe mkono wa kushoto, na namba inayoonyesha zamu yake. Ufito ukianguka ni pointi 4 za adhabu. Farasi akigoma, pointi 4. Akigoma mara ya pili mahali popote katika raundi, kwa sheria za kimataifa safari imekwisha, ingawa madaraja ya wanaoanza mara nyingi huachiwa nafasi moja zaidi. Akianguka mpandaji, ametoka. Akiruka kiunzi kisicho zamu yake, ametoka. Akizidisha muda, anaongezewa adhabu. Wanaomaliza bila pointi hata moja mara nyingi hurudi kwenye njia fupi zaidi kushindana kwa saa.

Hakuna anayetoa alama za urembo. Ufito ukiguswa, ukatikisika, ukabaki mahali pake, hakuna adhabu. Fito hukaa juu ya vishikio vifupi vilivyotengenezwa makusudi viuachie ufito ukigongwa, ili farasi asiumie. Na hakuna daraja la wanaume na la wanawake. Wote huingia uwanja mmoja na kuruka viunzi vilevile, hadi Olimpiki ambako kimo hufika mita 1.60 na zaidi. Wazazi wa wasichana, mwaka 1956 Mwingereza Pat Smythe alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuruka viunzi kwenye Olimpiki, na akarudi nyumbani na medali ya shaba ya timu. Tangu siku hiyo mlango haujafungwa tena.

Wapo wanaosema huu ni mchezo wa watu wengine. Khaled Al-Eid wa Saudi Arabia alipata shaba Sydney mwaka 2000 juu ya farasi aitwaye Khashm Al Aan, na timu ya Saudia ikachukua shaba nyingine London 2012. Hao ni majirani zetu wa ng'ambo ya bahari. Farasi mwenyewe hajui jina la ukoo wa mtu aliye mgongoni. Anajua uzito umekaa wapi na mkono unavuta kiasi gani, basi.

Hapo ndipo lilipo somo la kwanza la mpandaji. Zamani askari wa farasi huko Ulaya walifundishwa kujilaza nyuma wakati farasi anaruka, huku wameshikilia hatamu. Ilidhaniwa kwamba hivyo ndivyo unavyoiokoa miguu yake ya mbele anapotua. Ofisa mmoja wa jeshi la Italia, Federico Caprilli, aliyezaliwa 1868 na kufariki 1907, akawaangalia farasi wakiruka wenyewe bila mtu. Akaona farasi hurefusha shingo, huinua mgongo, na hutua kwa miguu ya mbele kwanza bila tabu yoyote. Akafupisha mikanda ya vikuku, vile vyuma vya kukanyagia, akamwinua mpandaji kutoka kwenye tandiko, akamwambia aufuate mwendo wa farasi na ampe shingo yake. Namna tunavyokaa leo, kuanzia watoto wenu hapa hadi mabingwa wa dunia, imetoka kwake.

Kumpa farasi shingo ni rahisi kusema. Kijana akiogopa, kitu cha kwanza anachofanya ni kukamata hatamu. Lijamu, kile chuma cha mdomoni kilichofungwa hatamu, linambana farasi katikati ya mruko, anatua kwa maumivu, na safari ya tatu anagoma. Watu wanasema farasi mkaidi. Kabla hujamwita mkaidi, angalia mkono uliokuwa juu yake. Ndiyo maana wanafunzi wangu wapya huruka wameshika manyoya ya shingo, au ukanda tunaoufunga shingoni kwa kazi hiyo tu. Haiwapendezi, wanaona inawafanya waonekane wageni. Nawaomba wavumilie, kwa sababu mdomo wa farasi ukishaharibika kuurudisha ni kazi ya miaka.

Sasa farasi yupi? Hapa nitasema bila kuzunguka. Anayeanza na farasi anayeanza wasikutanishwe. Kijana mgeni mtafutieni farasi mzee kidogo, wa miaka 10 hadi 15, aliyekwisha kuruka viunzi vingi na havimshtui tena. Asiwe mrembo, si kitu. Awe na kovu, si kitu, mradi daktari wa mifugo amemkagua mapafu, macho, moyo na miguu kabla hujatoa pesa. Farasi wa namna hiyo ni mwalimu. Ukikosea hatua atakusamehe, atajipanga mwenyewe na kukuvusha, nawe utahisi jinsi mruko mzuri ulivyo. Ukishauhisi mara kadhaa utaujua siku zote. Kama kununua hakuwezekani, na kwa familia nyingi hakuwezekani, kodini kwa msimu, au familia mbili zichangie farasi mmoja, mkiandikiana kabisa nani anampanda siku gani na nani analipa daktari.

Najua kuna wengine mnatupia macho farasi wanaostaafu mbio pale uwanja wa mbio wa Ngong. Bei yao ni nafuu, wengi bado vijana, na wengine wana vipaji vikubwa. Nawapenda farasi hao kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini mjue mnachukua nini. Farasi wa mbio amefundishwa kwamba mkono ukikaza, yeye aegemee lijamu na kuongeza kasi. Mtoto wako akiogopa na kuvuta, farasi atasikia amri ya kukimbia. Mpeni miezi ya kupumzika malishoni, kisha aanze upya kwa kutembea, telki (mwendo ulio kati ya kutembea na shoti), duara kubwa, kusimama, kurudi nyuma. Kazi hiyo ni ya mpandaji mzoefu, na haina njia ya mkato.

Ikiisha kufanywa vizuri, matunda yake ni haya. Mwaka 1933 huko Chile alizaliwa farasi wa mbio ambaye kwenye mbio hakung'ara. Akapitia kazi nyingine, mwisho akafika kwa Kapteni Alberto Larraguibel, akapewa jina Huaso, akafundishwa kuruka. Tarehe 5 Februari 1949, mjini Viña del Mar, farasi huyo aliruka kiunzi cha mita 2.47. Simameni, inueni mkono juu kadiri mwezavyo, wengi wenu hamuufikii ufito huo. Rekodi haijavunjwa mpaka leo. Mwaka huo Huaso hakuwa kijana tena, tayari alikuwa na miaka isiyopungua 15. Nawataja hao wawili kwa sababu hawakufika mita 2.47 kwa kuongeza ufito kila Jumamosi.

Mwaka wa kwanza mimi huupanga hivi. Siku nyingi za juma hakuna kuruka kabisa. Ni kazi ya chini: kubadilisha mwendo, kurefusha na kufupisha hatua za shoti, kugeuka bila kuegemea ndani. Siku moja kwa juma, au mbili farasi akiwa na nguvu, tunaingia kwenye fito. Tunaanza na fito zilizolazwa, zimeachana kama mita 1.30 kwa telki na kama mita 3 kwa shoti, na tunazisogeza kufuata hatua ya farasi aliye mbele yetu, kwa maana hawalingani. Kisha viunzi vidogo mfululizo, ambavyo humfundisha farasi kujihesabia hatua bila kuamrishwa. Kijana anahesabu kwa sauti, maana shoti ina midundo mitatu na sikio hulijua kosa kabla ya jicho. Tukifika sentimita 60 na mdundo bado ni uleule, kuna siku tunaongeza. Mdundo ukivunjika, tunashuka. Kushuka si adhabu, na nawasihi wazazi msiwafanye watoto waone aibu kwa hilo.

Mavazi sina mengi. Kofia ngumu inayomkaa sawasawa, kamba imefungwa, na ikishapigwa chini kwa nguvu mara moja haifai tena, nunueni nyingine. Fulana ya kinga. Buti zenye kisigino, mguu usipenye kwenye kikuku.

Nataka nikae zaidi kwenye jambo hili linalofuata. Kabla kijana hajaamka, saisi yuko bandani. Anaangalia kama farasi alimaliza nyasi za usiku, mavi yakoje, maji yamepungua kiasi gani. Kisha anainama na kupitisha kiganja kwenye mguu wa mbele, polepole, kutoka gotini kushuka kwenye kano nyuma ya mfupa hadi kwenye kifundo, halafu mguu wa pili, akilinganisha. Anatafuta joto. Kano iliyoanza kuumia huwaka kabla farasi hajachechemea, na mkono wa saisi unaomgusa farasi huyo kila asubuhi unaijua tofauti ndogo ambayo mimi kocha sitaihisi. Akisema leo huyu asiruke, basi leo haruki. Hata kama ni siku ya mashindano, hata kama ada imelipwa na shangazi amekuja kutazama.

Vijana, jifunzeni kazi hiyo. Mpandaji asiyejua kusafisha kwato za farasi wake hajawa tayari kuingia uwanjani. Njooni mapema, mshike brashi, muulizeni saisi kwa heshima, mumwamkie kama mnavyowaamkia wajomba zenu. Na kwenu wenye vilabu nina ombi, na nalisema mbele za watu kwa sababu limenikaa moyoni. Miongoni mwa masaisi wamo wapandaji. Ndio wanaowazoesha farasi hawa siku za kazi, wanazijua hatua zao kuliko sisi. Wapeni tandiko siku ya mashindano pia. Lipieni ada ya kuingia, wapeni kofia na buti za kufaa, waandikwe majina yao kwenye orodha. Nchi isiyo na farasi wengi haiwezi kuwaacha wapandaji wake wazuri wakiwa wamesimama getini wameshika hatamu.

Kuhusu magonjwa, hapa kwetu hatuna ruhusa ya kuzembea. Kuna kupe, na homa wanayoileta. Kubwa zaidi ni ule ugonjwa unaojulikana duniani kote kama Ugonjwa wa Farasi wa Afrika. Huenezwa na usubi, vidudu vidogo mno vinavyouma zaidi kuanzia jua likizama hadi alfajiri. Punda milia hubeba virusi vyake bila hata kuonekana mgonjwa, na punda milia ni majirani zetu. Farasi asiyechanjwa akiupata, mara nyingi hufa, tena kwa haraka. Chanjo kila mwaka, kwa wakati aliosema daktari, kabla ya mvua kuwaleta usubi kwa wingi. Farasi aingie bandani kabla ya magharibi. Ugonjwa huu ndio pia unaofanya iwe vigumu kuwasafirisha farasi wetu kwenda nje kushindana, kwa sababu nchi nyingi huweka masharti mazito ya karantini. Karantini si mzigo wa Afrika peke yake: Olimpiki ya 1956 ilikuwa Melbourne, lakini kwa sheria za Australia mashindano ya farasi yalilazimika kufanyiwa Stockholm, nusu ya dunia mbali. Pat Smythe niliyemtaja aliruka huko.

Siku ya mashindano yenyewe. Fikeni mapema, farasi ashuke garini, atembezwe, aone bendera, asikie spika. Njia hufunguliwa kwa wapandaji waipite kwa miguu, bila farasi. Nawaona vijana wakiipita huku wanapiga soga, na hiyo ni nafasi imetupwa. Pita mstari uleule farasi atakaopita, na kona zake zote. Kati ya viunzi viwili vilivyo karibu, hesabu hatua zako. Jizoeze nyumbani mpaka hatua yako iwe sentimita 90 bila kuifikiria. Hatua mbili za kwanza ni mahali farasi anapotua, mbili za mwisho ni mahali anapojiinua, na kila nne za katikati ni hatua yake moja ya shoti. Ukihesabu 8, ni hatua moja kati yao. Ukihesabu 20, ni nne. Ukipata 22, hapo mpangaji wa njia amekuuliza swali: utarefusha upige nne, au utafupisha upige tano? Jibu linategemea farasi wako, si yule wa bingwa aliyetangulia. Farasi wadogo, na viunzi vya chini, hesabu hupungua, kwa hiyo mjue hatua ya wenu.

Kwenye uwanja wa kupasha, viunzi vichache vinatosha. Farasi ana idadi ya miruko kwa siku, usiimalize nje ya mlango. Ukiingia, kengele ikalia, usikimbilie mstari. Sekunde 45 ni nyingi. Piga duara, tafuta ule mdundo wa nyumbani, ukiupata ndipo uelekee kiunzi cha kwanza. Fito zikianguka mbili na mdundo ukabaki, mimi kocha wako nitakushika mkono kwa furaha. Mzunguko ukiwa safi kwa sababu farasi alikimbia na wewe ukajishikilia, tutakuwa na mazungumzo Jumatatu. Wazazi, nanyi mkimpokea getini, anzeni kwa kuuliza farasi yukoje.

Maswali tutayachukua tukiwa tumesimama. Pale uwanjani nimeweka viunzi viwili vya sentimita 60 kwenye mstari mmoja, na umbali wake sikumwambia mtu. Vijana, tangulieni na wazazi wenu, mpime kwa miguu, mzazi mmoja aandike. Kila mtu aje na namba yake: farasi atapiga hatua ngapi? Saisi amekwisha kumtandika, anatungoja. Tukishazikusanya namba zote tutampitisha mara tatu, tuhesabu pamoja.